Barua Iliyobandikwa

Mashine ya kukoboa mpunga pale Kibaoni ilikuwa inanguruma, vumbi limetanda, na Serafina yuko kwenye foleni na debe lake, wakati kijana mmoja alipoinama karibu na miguu yake akaanza kuzoa pumba.

"Kaka, hizo za kuku?" Serafina aliuliza, kisha akaona haya kwa kuthubutu.

"Za mashamba," kijana alijibu. "Nachora bonde letu, dada. Rangi peke yake haitoshi."

Aliitwa Fridolin, mwandika mabango, suruali yake ya jinzi imejaa madoa ya kila rangi. Serafina alicheka akiziba mdomo kwa ncha ya khanga. Ndivyo yalivyoanza.

Jumapili baada ya misa akawa anapita kibandani kwake. Fridolin alimwonyesha kazi yake: kwanza ubao, juu yake kurasa za madaftari ya zamani zilizobandikwa kwa uji wa muhogo, kisha udongo wa mtoni, halafu pumba, mwisho mkaa na rangi. Alibandika, akabandua, akajaribu tena. Serafina, aliyeishia darasa la nne, ndiye aliyemletea madaftari ya wadogo zake. Fridolin alisoma kila ukurasa kabla ya kuubandika, akitania hesabu zilizokosewa.

"Tisa mara saba ni hamsini, mpenzi? Huyu ni wa kwenu kweli."

Mwezi wa kumi na moja, mwaka tisini na tatu, alimwambia anataka kutuma mshenga. Alipoona Serafina ameinamisha macho, aliongeza taratibu, "Huna haja ya kusema. Niandikie tu. Nikipata neno lako, mshenga anakuja."

Serafina aliandika kwa penseli siku tatu, akifuta mpaka karatasi ikachakaa. Kumkabidhi mkononi aliona aibu. Akaichomeka katikati ya kurasa za madaftari, maana alijua Fridolin habandiki ukurasa bila kuusoma.

Lakini wiki ile mteja alitaka picha kabla ya Jumamosi. Fridolin alibandika kurasa zote bila kuzitazama, akazifunika kwa udongo. Na mteja mwenyewe hakurudi.

Mshenga hakuja. Serafina aliamini Fridolin ameucheka mwandiko wake kama alivyozicheka zile hesabu, akaacha kupita kibandani. Fridolin naye akaona kimya kile ndilo jibu. Akapanda basi kwenda Kidatu kutafuta kazi, picha yake kwapani.

Masika yakaingia. Ubao ukavimba kwa unyevu, pumba zikapukutika, na pale alipokuwa amechora mto udongo ukabanduka. Chini yake yakatokea maandishi ya penseli ya Serafina: mshenga aje.

Kesho yake alipanda basi la kurudi Kibaoni, akamkuta Serafina kwenye foleni ileile, amevaa kitenge kipya, nywele zimesukwa vizuri. Gaudensi, mvuvi wa mtoni, alikuwa amekwisha kutoa mahari. Kanisani tangazo la ndoa lilikuwa limesomwa mara mbili.

Fridolin alimpa karatasi, imekauka kama gome.

"Nilidhani umenikataa, Sera."

"Nilidhani umenicheka."

"Tangazo la tatu ni Jumapili. Bado unaweza kusema neno."

Serafina alisoma herufi zake mwenyewe, polepole, midomo ikitikisika.

"Neno nilikupa," alisema. "Mwezi wa kumi na moja."

"Na Gaudensi ulimwandikia?"

"Hapana. Yeye nilimwambia kwa mdomo."

Akamrudishia karatasi, akajitwika debe. Zamu yake ilikuwa imefika.