Msumari wa Hamsini na Nane

Jina la Bwana Mfuko alijitafutia mwenyewe, mchana kweupe, mbele ya mgodi mzima.

Alikuwa mtunza ubao kwenye mdomo wa shimo la shaba. Kazi yenyewe haikutaka digrii. Kila mchimbaji ana kibati chenye namba yake. Akishuka hukitoa msumarini na kukifunga mkandani, akipanda hukirudisha. Msumari mtupu maana yake mtu bado yuko chini. Basi. Hata mbuzi angeiweza, mwenyewe alipenda kusema, ila mbuzi angekula vibati.

Sasa siku hiyo, saa nane mchana, zamu ya asubuhi imeshapanda, msumari wa arobaini na moja ulikuwa mtupu. Akabonyeza kitufe cha king'ora. Mashine zikanyamaza. Waokoaji wakashuka. Kina mama wakaja mbio mpaka getini, wengine na unga mikononi. Wakamtafuta marehemu saa tatu nzima, kumbe marehemu yuko bafuni anaimba. Kibati chake kilikutwa kwenye mfuko wa shati la mtunza ubao, kimeviringishwa ndani ya leso. Alikuwa amekabidhiwa mkononi huku akisimulia jinsi mpishi wa mgodi mmoja wa ng'ambo alivyomzaba kofi, na utamu wa hadithi ukamsahaulisha.

Watu walicheka wakajishika mbavu. Meneja hakucheka.

"Shimo hili likisimama, nchi imesimama," alisema. "Dawa za hospitali zinatoka humu. Mishahara ya walimu inatoka humu. Ukigusa tena hicho kitufe ovyo, kazi huna."

Bwana Mfuko alitaka kuuliza: kama dawa zinatoka humu, mbona mke wake, muuguzi wa miaka kumi na tisa, anafua glavu na kuzianika kama soksi? Bei ya shaba ikishuka, hospitali inakosa pamba. Bei ikipanda, hospitali inaambiwa isubiri. Lakini mtu aliyekutwa na kibati mfukoni ana mdomo gani?

Wiki iliyofuata, saa nane mchana, aliona kibati kwenye msumari wa hamsini na nane, kimechongwa namba hiyo hiyo.

Msumari ule haukuwa na mwenyewe. Tangu aanze kazi pale aliukuta umepakwa rangi pamoja na ubao. Kibati kilikuwa kimelowa, kinachuruzika maji ya kijani.

"Haya, wajomba, nimewaelewa," aliwaambia wachimbaji. "Mmenilipizia. Nani fundi wa kuchonga?"

Wakatazamana. Hakuna aliyecheka, na wale walikuwa watu wa kucheka hata msibani.

Akakifungia kwenye droo. Asubuhi akakuta droo imejaa maji ya kijani, kibati hakimo. Mchana kikarudi msumarini. Ikawa hivyo siku nne. Asubuhi msumari mtupu, mchana una kibati.

Kuna mtu alikuwa anakwenda kazini.

Alikwenda kwa Mama Stoo, mwanamke anayegawa mabuti na kofia tangu shimo lichimbwe. Mama Stoo alifunga dirisha kwanza.

"Funga mdomo wako, baba," alinong'ona. "Huyo aliachwa handaki la tisa. Dari lilianguka. Walimsikia akigonga siku mbili."

"Wakamtoa?"

"Meli ilikuwa inasubiri mzigo. Wakajenga ukuta, wakachimba upande mwingine." Akatazama rafu yake. "Nililetewa buti lake moja. La kulia. Limekaa hapo miaka yote."

Rafu ilikuwa tupu. Juu ya vumbi palibaki alama ya buti, mbichi.

Jumatatu likatoka tangazo: bei imepanda, ukuta wa handaki la tisa unabomolewa. Kati ya watu saba waliochaguliwa alikuwamo mwenye kibati cha thelathini na tatu, mshika drili, mdogo wa mke wa Bwana Mfuko, waliyemlea nyumbani kwao tangu akiwa na miaka sita.

Bwana Mfuko alimvaa meneja ofisini. "Bosi, pale ndani kuna mtu. Angalau kwanza tumtoe, tumzike. Siku moja tu."

"Bajeti imeshasomwa bungeni. Shaba ya handaki la tisa imo."

"Lakini bado iko kwenye mwamba!"

"Imo," alisema meneja, akarudi kwenye karatasi zake.

Nchi gani hii, Bwana Mfuko alijiuliza, inayokula chakula kikiwa bado shambani kwa jirani? Asubuhi ya siku ya kubomoa alimshika shemeji yake mkono.

"Ugua. Nitakutetea."

"Shemeji, na wewe! Umeanza tena mambo ya mfukoni?" Kijana akacheka, akachukua kibati chake, akaingia kwenye lifti.

Msumari wa thelathini na tatu ukabaki mtupu. Wa hamsini na nane pia.

Saa nane lifti ikapanda. Bwana Mfuko aliwasukuma watu, akakodolea ubao macho. Vibati vikarudi kimoja kimoja. Thelathini na tatu kikarudi. Akashusha pumzi, hata akatabasamu.

Kisha akakigusa. Kimelowa. Maji ya kijani.

Msumari wa hamsini na nane ulikuwa mtupu.

"Shemeji yangu yuko wapi?"

"Si tumepanda naye!" msimamizi wa kundi alisema. Halafu sauti ikamshuka. "Alikuwa kimya. Amesimama kwenye kona, uso ameugeuzia ukutani."

Sakafuni palikuwa na nyayo za maji ya kijani. Zilitoka kwenye lifti, zikapita mbele ya ubao, zikaelekea getini, kwenye njia ya nyumba za wafanyakazi. Mguu wa kulia buti. Wa kushoto peku.

Akabonyeza kitufe. Kimya. Akabonyeza tena, akakipiga ngumi. Waya ulikuwa umekatwa tangu siku ya leso.

Simu ya shimoni, yenye taa ya kila handaki, ikalia. Taa iliyowaka ilikuwa ya handaki la tisa, ambako hakukuwa na simu tangu ukuta ujengwe.

"Shemeji." Sauti ilikuwa ndogo, karibu mno. "Huku kuna giza. Nina kibati kisicho changu."

"Namba ngapi?"

"Hamsini na nane. Shemeji, ukuta umerudi."

Kisha kugonga. Ngo. Ngo. Ngo.

Meneja alikuwa ameshafika, amevutwa na kelele. Bwana Mfuko alimsukumia simu sikioni. Meneja akasikiliza. Akasikiliza muda mrefu, jasho likimtoka chini ya kofia. Akaishusha simu taratibu, kama mtu anayelaza mtoto.

"Ni yeye," Bwana Mfuko alisema. "Umemsikia mwenyewe. Simamisha shimo."

Meneja alitazama misumari. Kila namba iliyomo kwenye daftari ilikuwa na kibati chake. Nyayo za kijani alizikanyaga bila kuzitazama.

"Ubao umejaa," alisema. "Shusha zamu ya mchana."