Kitanda cha Majani Nyuma ya Mkuyu

Nyemo alikuwa na ufagio wake mwenyewe. Mama aliukata ncha, akaufunga kitambaa chekundu, ukamtosha kabisa.

Fyaa, fyaa, fyaa.
Fagia huku, fagia kule.

Nyemo alipenda kufagia kuliko kula wali. Na wali aliupenda sana.

Alifagia chumbani. Alifagia uani. Siku moja alifagia mpaka chini ya kuku aliyekuwa anaatamia mayai. Kuku hakufurahi.

Mama yake Nyemo alifanya kazi katika Bustani ya Mkuyu. Ilikuwa bustani ya jiji, ya watu wote. Ukichoka na jua, unaingia, unakaa kivulini. Ukitaka kubembea, unabembea, hakuna wa kukuuliza.

Kila asubuhi Mama alifungua geti. Alimwagilia maua, akafagia njia, akapangusa mabenchi. Maua yote yalizungushiwa mawe yaliyopakwa chokaa, meupe pe.

"Mama, haya mawe yanafanya nini?" Nyemo aliuliza.

"Yanasema, hapa pana mwenyewe," Mama alijibu. "Mtu akiona mawe meupe, hapiti juu. Anazunguka."

Shule zilipofungwa, Nyemo alikwenda kazini na Mama kila siku. Na ufagio wake, bila shaka. Ungebaki nyumbani ufanye nini?

"Shikamoo babu, inua miguu," aliwaambia wazee waliokaa kwenye mabenchi.

"Marahaba," walijibu wazee, na miguu wakainua. Nani angebishana naye?

Fyaa, fyaa, fyaa.
Fagia huku, fagia kule.

Mwisho kabisa wa bustani ulisimama mkuyu mkubwa. Majani yake yalianguka chini. Makuyu yake yalianguka juu ya majani. Pwu. Pwu. Pwu.

Nyuma ya mkuyu palikuwa na kona ambayo Mama hakuwahi kuifikia. Kila siku jua lilizama kabla hajafika.

"Ile kona tutaifagia kesho," alisema Mama. Kesho yake akasema vilevile.

Jioni moja Mama alikuwa anakunja mpira wa maji. Nyemo alikuwa anamsubiri kando ya mkuyu. Mara akasikia kitu.

Chaka, chaka, chaka.

Majani yalitikisika. Ikatoka pua ndogo nyeusi, yenye majimaji. Yakatoka macho. Ukatoka mgongo mzima wa miiba.

"Mama, njoo uone," Nyemo aliita. "Burashi inatembea."

Mama alikuja, akacheka mpaka akashika mbavu. "Huyo si burashi, mwanangu. Huyo ni kalunguyeye. Mchana analala. Jioni anaamka, anatafuta wadudu wa kula."

Nfu, nfu, nfu. Kalunguyeye alinusa kuyu lililooza. Akamla mdudu aliyekuwa ndani, akaenda zake.

Nyemo akampa jina. Akamwita Chaka.

Tangu siku hiyo, kila jioni alichuchumaa pale karibu na mkuyu. "Umeamkaje, Chaka?" aliuliza, maana jioni yetu ndiyo asubuhi ya kalunguyeye.

"Nfu," alijibu Chaka. Hakuwa mtu wa maneno mengi.

Lakini kuna jambo moja Nyemo hakulijua. Hakujua Chaka analala wapi. Alidhani ana nyumba yake, mbali huko, nyuma ya ukuta.

Siku moja kengele ya baiskeli ililia getini. Kring, kring. Alikuwa Bwana Chilongani, msimamizi wa bustani zote za jiji. Alikuwa na mvi nyingi na kofia ya ukindu, na magoti yake yalilia kila alipoinama. Kwe.

"Mama Nyemo," alisema, "kesho wakubwa wa jiji wanakuja kukagua. Bustani iliyotunzwa vizuri itaongezewa bembea. Nataka hapa pang'ae."

"Patang'aa, mzee," alisema Mama.

Lakini Nyemo alimwona Mama akiitazama ile kona ya nyuma. Alimwona akishusha pumzi. Kazi zilikuwa nyingi, na Mama alikuwa mmoja.

"Nitamsaidia Mama," Nyemo aliwaza. "Hata sitamwambia."

Akaushika ufagio wake, akaenda nyuma ya mkuyu.

Fyaa, fyaa, fyaa.
Fagia huku, fagia kule.

Alifagia majani ya juu, makavu. Alifagia majani ya chini, laini. Kitu kidogo chenye miiba kilikimbilia kwenye mizizi, lakini Nyemo hakukiona. Alikuwa anafagia.

Alijaza toroli, akalisukuma mpaka kwenye shimo la taka. Akarudi, akajaza tena. Alisukuma mpaka pale nyuma ya mkuyu pakabaki udongo mtupu.

Mama alipopaona alishika kiuno. "Nyemo, umefagia mpaka huku? Mwanangu, umeniokoa."

Nyemo alifurahi. Alifurahi mpaka akaona haya kidogo, akaficha uso nyuma ya ufagio.

Jua likateremka. Nyemo akachuchumaa mahali pake.

"Umeamkaje, Chaka?"

Kimya.

"Chaka?"

Hakusikia chaka, chaka, chaka. Ingetoka wapi, na majani hayapo?

Ndipo alipomwona. Chaka alikuwa katikati ya mizizi, amejikunja, amekuwa mviringo. Alikuwa juu ya udongo mtupu, na alikuwa anatetemeka.

Kunguru akatua karibu. Akaruka hatua moja, akaruka nyingine. Akanyoosha mdomo, akadonoa. Chaka akazidi kujikunja.

"Nenda zako!" Nyemo aliinua ufagio. Fyaa! Kunguru akaruka juu ya ukuta, akamtukana kwa lugha yake.

Nyemo aliutazama udongo mtupu. Aliutazama ufagio wake. Akaelewa, na moyo ukamuuma.

"Mama," alisema. "Nimefagia kitanda cha Chaka."

Akalia. Alilia kweli, na machozi yakadondoka kwenye kile kitambaa chekundu.

Mama hakumgombeza. Alimfuta uso kwa pindo la khanga. "Hukujua," alisema. "Hata mimi sikujua."

"Tumrudishie, Mama."

Mama aliwaza kesho, na wakubwa, na ile bembea. Aliwaza Bwana Chilongani atasema nini. Halafu akamtazama yule mdogo aliyejikunja kwenye mizizi.

"Lete toroli," alisema Mama.

Wakayatoa majani shimoni, wakayarudisha. Nyemo, mpenda kufagia, sasa alikuwa anamwaga majani chini kwa mikono yake miwili. Kuku wa nyumbani angemwona, angeshangaa.

Waliweka majani laini chini. Waliweka majani makavu juu. Wakarudi nyuma, wakasubiri.

Chaka alijikunjua polepole. Akanusa. Nfu, nfu, nfu. Akaingia ndani ya majani.

Chaka, chaka, chaka.

Nyemo hakuwahi kusikia sauti tamu kama ile.

Asubuhi, baiskeli ililia tena getini. Kring, kring. Bwana Chilongani akapita kwenye maua. "Pazuri," akasema. Akapita kwenye mabenchi. "Pazuri." Akafika nyuma ya mkuyu, akasimama.

"Mama Nyemo, na hizi takataka?"

Mama aliinamisha kichwa. Nyemo akaja, akasimama mbele ya majani.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mjukuu wangu."

"Siyo takataka, babu. Ni kitanda."

"Kitanda?" Bwana Chilongani alitazama huku na huku. "Kitanda cha nani?"

"Cha Chaka. Ni kalunguyeye. Ukitega sikio utamsikia."

Bwana Chilongani alivua kofia. Akapiga magoti. Kwe. Kwe. Akatega sikio karibu na majani.

Nfuuu. Nfuuu. Nfuuu.

"Anakoroma," alinong'ona Bwana Chilongani.

"Ndiyo, babu. Amelala sasa hivi tu. Usiku kucha alikuwa kazini."

Bwana Chilongani alitabasamu. Halafu akaacha kutabasamu, akakuna kichwa. "Mimi nimemsikia. Lakini wakubwa wakija, wataona majani tu. Watasema Mama Nyemo hafagii. Sitaki wamseme vibaya, maana anafanya kazi sana."

Nyemo hakutaka Mama asemwe vibaya. Wala hakutaka Chaka akose kitanda. Alitazama mkuyu. Alitazama njia. Alitazama maua.

Maua yalikuwa na mawe meupe.

"Babu," alisema, "tumwekee Chaka mawe. Yaseme, hapa pana mwenyewe."

Bwana Chilongani alimtazama Mama. Mama alimtazama Bwana Chilongani. Wote wawili wakaanza kucheka.

"Nani mwenye burashi ya chokaa?" akauliza Bwana Chilongani, huku anakunja mikono ya shati.

Mama aliokota mawe. Bwana Chilongani alikoroga chokaa ndooni. Nyemo alipaka. Alipaka mawe, akapaka vidole, akapaka na pua yake.

Wakayapanga mawe kuzunguka majani, moja baada ya jingine, mpaka yakafunga mviringo.

"Tayari," alisema Nyemo.

"Tayari?" alisema Bwana Chilongani. "Na yeye atatokea wapi?"

Nyemo aliangalia. Kweli, mlango haukuwepo. Akatoa jiwe moja, akaliweka kando. Mlango ukapatikana.

Wakawasubiri wakubwa wa jiji. Wakasubiri asubuhi. Wakasubiri mchana. Wakubwa wana mambo mengi. Walipofika, jua lilikuwa linateremka.

Mbele yao alikuwa mama mmoja mrefu, mwenye viatu vya kung'aa. Ndiye aliyekuwa mkubwa wao. Alitazama maua, akatikisa kichwa kwa kuridhika. Alitazama mabenchi, akatikisa kichwa tena. Akafika nyuma ya mkuyu.

"Na hapa mmepanda nini?" aliuliza. "Sioni ua."

Nyemo akasogea mbele.

"Shikamoo, mama. Hatukupanda. Amelala."

"Marahaba. Amelala nani?"

Chaka, chaka, chaka.

Ikatoka pua. Yakatoka macho. Ukatoka mgongo mzima wa miiba. Chaka akapita mlangoni pake, taratibu, akakutana na kiatu cha kung'aa.

Nfu, nfu, nfu.

Yule mama mrefu hakusogeza mguu. Watu wote walitulia. Hata magoti ya Bwana Chilongani yalinyamaza.

Chaka akapanda juu ya kiatu. Akateremka upande wa pili. Akaenda zake kutafuta wadudu.

"Umeamkaje, Chaka," alinong'ona Nyemo.

Yule mama akachuchumaa, akawa sawa na Nyemo.

"Nilipokuwa mdogo kama wewe, tuliwaona hawa kila jioni," alisema. "Nilidhani wameuhama mji. Kumbe tuliwafagia."

"Mimi pia nilimfagia," alisema Nyemo. "Lakini nimemrudishia."

"Basi na sisi turudishe," alisema yule mama. Akamgeukia Bwana Chilongani. "Mzee wangu, kila bustani ya jiji iachiwe kona moja kama hii. Na mawe yake. Na mlango."

Halafu akamshika Mama mkono. "Bustani yako ni safi, dada. Na hapa pia ni pasafi."

Mama alifurahi mno, akabaki anatabasamu tu.

Bembea mpya ililetwa baadaye. Inalia kidogo ukibembea, lakini inafika juu. Na Nyemo bado anafagia kila siku.

Fyaa, fyaa, fyaa.
Fagia huku, fagia kule.
Ukiona mawe meupe, zunguka polepole.

Usiku wa siku ile walipokuja wakubwa, Mama aliingia chumbani kumlaza Nyemo. Kila usiku aliinyoosha shuka ya Nyemo. Kila usiku Nyemo aliivuruga tena, akaikusanya, akajichimbia katikati.

Lakini usiku ule Mama alisimama mlangoni.

Sakafuni, kuzunguka kitanda cha Nyemo, palikuwa na vijiwe. Vilikuwa vidogo, vimepakwa chokaa, vyeupe pe. Na upande mmoja palikuwa na uwazi, wa kumtosha Mama.

Mama akapita pale penye uwazi. Akainama juu ya shuka iliyovurugika. Hakuinyoosha.

"Lala salama, mwenyewe," alisema.

"Nfu," alijibu Nyemo, akiwa chini ya shuka.

Nyuma ya mkuyu, Chaka alikuwa kazini. Nyumbani, Nyemo alikuwa amelala.