Mstari wa Mwisho kwenye Mfuko wa Mbegu

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Hajra alifagia uwanja, akateka maji na kuchemsha mapapai mabichi. Zamani asubuhi ilikuwa na uji. Tangu Mto Ruvu ufurike na kuzoa mahindi na mihogo ya kijiji chao cha Mzenga, mapapai ndiyo yalikuwa uji, ndiyo wali, ndiyo mboga. Mdogo wake Ashrafu, mwenye miaka minne, alikuwa ameacha hata kuyalilia. Aliyatazama tu.

Mama yao alikwenda Kongowe, Kibaha, kutafuta kazi ya kufua nguo, na hakuwa ametuma kitu. Nyumbani walibaki na Bibi Hamisa na tetea mmoja aliyeokoka mafuriko kwa kukaa juu ya paa siku mbili.

Jumatano kiwanda kimoja cha kule Kwala kilileta msaada. Yalikuja magari matatu, kipaza sauti na mpiga picha. Watu walibeba mabeseni wakidhani ni unga, kumbe ni mbegu za mahindi. Bwana mmoja aitwaye Melkiori, mwenye fulana ya kiwanda, alisema wamekuja kuwasaidia wananchi wajitegemee.

"Maelekezo yote yameandikwa kwenye mfuko," alisema, akaangalia saa yake.

Picha zilipigwa, watu wakapiga makofi. Makofi ya watu wasiokula hayana kelele.

Nyumbani Bibi alifungua mfuko, akachota punje kiganjani. Zilikuwa nyekundu.

"Hajra, mwanangu, mimi sikusoma. Hebu nisomee."

Hajra akasoma jina la mbegu, akasoma uzito, akasoma nafasi ya kupandia. Mstari wa mwisho ulisema: Mbegu hii imetiwa dawa yenye sumu. Isiliwe na mtu wala mnyama. Huo aliusoma kimoyomoyo. Alimtazama Ashrafu, akayatazama mapapai, na njaa ikamshauri vibaya.

"Basi?" Bibi akauliza.

"Basi, Bibi."

"Na huu wekundu?"

"Rangi tu. Ukiziosha inatoka."

Bibi akatenga nusu ya kupanda na nusu ya kupika. Aliosha mara tatu. Maji ya kwanza yalikuwa mekundu, ya tatu yalikuwa meupe, na Hajra akajiambia kwamba sumu imekwenda na maji. Punje chache zilianguka chini. Tetea akazidonoa.

Sufuria ilikaa jikoni mchana kutwa. Harufu ya mahindi ilipoanza, Ashrafu alikwenda kuketi na sahani yake mapajani, akacheka. Ilikuwa mara ya kwanza tangu mafuriko.

Bibi alipoanza kupakua, Hajra alizunguka nyuma ya nyumba kuanua vijiko. Hapo alimkuta tetea amelala ubavu, mabawa yamekunjuka, amekufa.

Alikimbia. Ashrafu alikuwa anapeleka punje za kwanza mdomoni. Hajra aliupiga mkono wake, sahani ikapinduka, mahindi yakatapakaa mchangani.

"Una wazimu wewe?" Bibi aliinuka. "Chakula hicho unamwaga?"

"Nilikudanganya, Bibi. Kuna mstari sikuusoma."

Akausoma, huku analia. Ashrafu naye alikuwa analia, akiokota punje chini. Bibi alimkamata, akamfungua kiganja kwa nguvu, akamnawisha kwa sabuni.

Walichimba shimo mbali na kisima. Mahindi yakaingia, kuku akafuata.

"Hata kuku hatumli?" Ashrafu aliuliza.

"Hata kuku," Bibi alisema, machozi yakimtoka. Hajra hakuwahi kumwona Bibi akilia, hata siku shamba lilipokwenda na maji.

"Sikulaumu kwa njaa," Bibi alisema akifukia. "Hata mimi nilitamani kula. Lakini njaa tunaijua, inapiga hodi, nasi tunaijibu kwa mapapai. Uongo wako ungeingia bila hodi ukamchukua ndugu yako. Niliazima macho yako, mwanangu, nawe ukayafumba. Ukimsomea asiyejua kusoma, msomee mpaka mwisho, hata kama mwisho unauma." Akampa mfuko. "Mama Biasha naye hajui kusoma. Wala mzee Kondo. Nenda."

Hajra alipita nyumba hadi nyumba, akisoma mstari wa mwisho kwanza. Kwa Mama Biasha mahindi yalikuwa yameshaingia sufuriani. Mama Biasha aliyamwaga, wanawe wakimwangalia. Hakuna aliyemshukuru Hajra, na yeye hakungoja shukrani.

Usiku walikula mapapai.

Alfajiri walikwenda shambani na ile nusu iliyobaki. Udongo ulikuwa bado na unyevu. Bibi alichimba mashimo, Hajra akatia mbegu, kisha akanawa. Ashrafu alisimama pembeni, mikono nyuma kama alivyoagizwa.

"Dada, tutakula kesho?"

Hajra alitamani sana kusema ndiyo.

"Hapana," alisema. "Baada ya miezi mitatu, mvua ikitaka."