Hotipoti la Samaki Bwawani Mogitu

"Kunjua kiganja. Ukikifumba atakukimbia," mzee Ignasi alisema.

Loveness akakunjua kiganja majini, donge la ugali baridi likiwa katikati. Kambale mweusi mwenye sharubu ndefu akapanda juu taratibu, akafungua mdomo wake mpana, akalifyonza donge pamoja na ncha za vidole. Loveness akacheka mpaka akakaa kitako kwenye tope.

"Ana meno?"

"Ana kama msasa. Haumi, anakusugua tu."

Mzee Ignasi ndiye aliyekuwa anaangalia bwawa hilo na kupokea wageni kila Jumapili. Lilikuwa bwawa la chemchemi chini ya Mlima Hanang, ng'ombe wanakunywa upande mmoja, samaki wamejaa upande wa pili. Wafugaji wa hapo, Wadatoga, hawali samaki tangu enzi za mababu zao, kwa hiyo samaki hao hawakujua ndoano ni kitu gani. Walikuja mkononi kama kuku. Siku hizi familia zilikuwa zinatoka Katesh, na hata Mbulu, kuleta watoto wawalishe.

"Mtoto wa dada yako hana woga," mama yake Lameck alimwambia Kissa.

Kissa alikuwa anamkunja Loveness suruali. Mikono ikasimama.

Akageuka kumwangalia Lameck. Lameck alikuwa anaangalia maji.

"Anapenda maji, mama," Kissa alijibu. Sauti yake ilitoka sawa, maana yeye ni nesi na amezoea kuongea vizuri huku mambo yanaharibika.

Dada yake Kissa alikuwa Kyela, na watoto wake wote walikuwa wavulana. Loveness alikuwa wa Kissa, alimzaa mwenyewe, akampeleka kliniki mwenyewe, akaja naye Mogitu mgongoni alipopangiwa zahanati ya hapa. Kijiji kizima kinamwita Mama Love. Lameck, afisa mifugo, mwanaume aliyemwambia mwezi uliopita kuwa anataka kumuoa, naye humwita Mama Love. Sasa Kissa akakumbuka kuwa tangu asubuhi, mbele ya mama yake, Lameck alikuwa anamwita "Sista Kissa."

Akamsogelea pembeni ya jiwe.

"Umemwambia mama yako nini kuhusu mtoto wangu?"

"Tutaongea nyumbani."

"Lameck."

"Naomba leo ipite tu. Ndiyo mara yake ya kwanza kukuona. Akikuzoea nitamwambia."

"Akinizoea mimi nani? Mimi mama mdogo?"

"Kissa, punguza sauti."

Nyuma yao kambale alijiviringisha juu ya maji, tumbo jeupe likaonekana, akazama. Loveness akapiga kelele:

"Mama, ndivyo nilivyokuwa nageuka tumboni mwako? Ulisema nilikuwa nageuka usiku kucha."

Mama yake Lameck, mwanamke mrefu, shuka la zambarau begani na bangili za shaba mkono mzima, alimwangalia mtoto, akamwangalia Kissa, kisha akaenda kukaa kwenye kivuli.

"Amesikia," Kissa alinong'ona.

"Kiswahili chake ni cha kuokoteza. Hajashika yote."

"Basi tuleni," Kissa alisema, kwa sababu hakuwa na kingine cha kusema bila kumwaibisha mwanaume mbele ya mama yake.

Akatandika kanga. Akapanga sahani. Chakula alikuwa amekiamkia alfajiri, akakipika kwa moyo wote, kama anavyopika binti wa Kyela anayekwenda kuonekana na mama mkwe. Akamnawisha mama mikono kwa heshima, goti moja chini, kisha akafungua hotipoti.

Perege wakubwa kutoka Ziwa Basotu, wamekaangwa wakakauka vizuri, wamepangwa vichwa upande mmoja.

Mama yake Lameck akarudisha mikono yake mapajani.

Mzee Ignasi, aliyekuwa anakuja kukaribishwa, akageuka akarudi zake bwawani kama mtu aliyesahau kitu.

"Hii ni nini?" mama aliuliza.

"Samaki, mama. Perege. Karibu."

"Samaki," mama alirudia, akaangalia bwawa, akaangalia hotipoti. "Mimi na hawa tunakunywa maji pamoja."

Kissa alihisi uso unawaka. Juzi alimtumia Lameck meseji akiuliza, "Mama anakula nini nimpikie?" na Lameck akajibu, "Chochote, hachagui." Na angejuaje? Lameck huyo huyo alikuwa anakula samaki kwake mpaka anafyonza miiba. Kissa alidhani habari za kutokula samaki ni za wazee wa huko mbugani tu.

"Mama, nisamehe. Sikujua."

"Wewe ni mgeni. Huna kosa."

Ingeishia hapo. Lakini Loveness alikuwa ameshakaa, ana njaa, na ni mtoto aliyelelewa vizuri, anajua mgeni hupewa kwanza.

"Mama, kichwa kikubwa mpe anko Lameck. Si ndicho anachopenda?"

Mama yake Lameck akageuka taratibu.

"Wewe unakula samaki?"

"Mara moja moja, mama," Lameck alisema.

"Kila Jumamosi," Loveness alimsahihisha. "Na mchuzi anakunywa."

Lameck alijikuna shingo. Mtu mzima, mwenye pikipiki ya serikali, anayechanja ng'ombe wa tarafa nzima, alikuwa anajikuna shingo.

Mama hakufoka. Aliuliza tu, kwa Kiswahili chake cha polepole, kila neno likiwekwa peke yake:

"Samaki umenificha. Sawa. Kuna kingine umenificha?"

Hapo mlango ulikuwa wazi kabisa. Kissa alimtazama usoni. Aliomba moyoni, kwa mara ya kwanza siku hiyo: sema. Sema sasa hivi, nitakusamehe yote.

Lameck aliangalia hotipoti.

"Hakuna, mama."

Kissa akafunika hotipoti.

"Loveness, nawa mikono. Tunaondoka."

"Hatujala."

"Tutakula nyumbani. Mama, kwaheri. Nashukuru kukufahamu."

"Kissa," Lameck aliinuka. "Kissa, subiri."

Hakusubiri. Alimshika mtoto mkono akapanda njia ya ng'ombe mpaka barabarani, kanga na hotipoti ameviacha pale pale. Akampigia kijana wa bodaboda anayemfahamu, Joakimu.

"Niko Katesh, dada, namshusha abiria. Nakuja."

Simu ikaanza kulia meseji za Lameck.

"Rudi tafadhali."

Akajibu: "Nirudi kama nani?"

"Nimekosea. Nilipaniki."

"Hukupaniki leo. Uliupanga uongo tangu nyumbani, ndiyo maana ukaniita Sista Kissa."

"Nilitaka akupende kwanza."

Kissa aliandika, akafuta, akaandika tena: "Mtoto wangu si deni la kulipa pole pole. Anayeona aibu kumtaja, asiniite mke."

Simu ikaita. Akapokea, akaiweka sikioni.

"Mama Love."

"Leo ndiyo umelikumbuka hilo jina?"

"Nisikilize. Wazee wa ukoo wakinisikia nataka mwanamke mwenye mtoto..."

"Wazee gani? Nitajie hata mmoja aliyekukataza."

Kwenye simu ulisikika mlio wa ng'ombe.

"Umeona? Hakuna. Umewaogopa watu ambao hujawauliza. Mimi nilimzaa huyu, baba yake akakimbilia machimbo ya Chunya akaoa huko. Sikuogopa. Nilisoma diploma mtoto ananyonya. Wewe umeulizwa swali moja na mama yako aliyekuzaa, umeshindwa."

"Nimwambie sasa?"

"Unaniuliza mimi?"

Akakata. Machozi yalikuja, akayafuta kwa mgongo wa mkono kabla Loveness hajayaona. Loveness aliyaona.

"Mama, nimesema vibaya?"

"Hapana."

"Kuhusu kichwa?"

"Umesema kweli. Kaa hapa kwenye nyasi, jua ni kali."

Walikaa. Upepo ulikuwa unatimua vumbi kutoka upande wa Ziwa Balangida. Kissa alianza kupanga: barua ya uhamisho ataandika wiki hii, Kyela wana upungufu wa manesi, mtoto atajifunza Kinyakyusa cha bibi yake. Ilikuwa mipango mizuri, na kila mmoja ulimuuma kifuani.

Alisikia bangili kabla hajamwona mtu. Mama yake Lameck alikuwa anapanda njia ya ng'ombe, fimbo nyembamba kama mkuki mkononi, hatua ndefu. Lameck alimfuata nyuma amebeba kanga, sahani na lile hotipoti, amelishika mbali na mwili wake.

Kissa akasimama.

"Shikamoo mama."

"Umeshaniamkia. Kaa." Mama akakaa mwenyewe chini kwenye nyasi. "Ameniambia. Amesema kwa Kidatoga, halafu nimemwambia arudie, maana mara ya kwanza alikuwa anaongea na viatu vyake."

Mama akamkazia Kissa macho.

"Mtoto ni wako?"

"Ni wangu, mama."

"Baba yake atakuja kumdai?"

"Hajawahi kupiga hata simu."

Mama alitikisa kichwa.

"Huyu wangu ana nywele nyeupe sikioni, angalia hapa. Hajaleta mtu nyumbani. Nilidhani nitakufa naona ng'ombe wanazaa tu. Mwanamke akija na mtoto amekuja na mtu. Sasa kuna aibu gani?"

Kissa alimvuta Loveness karibu naye.

"Lakini sikufichi, na mimi sitaki kufichwa. Samaki kwangu haingii. Si sufuria, si harufu. Ukipika, pika kwako."

"Nimekuelewa, mama. Na yeye?"

"Akale huko huko kwako. Anawe mdomo kabla hajaja kunisalimia."

Kissa alijikuta anacheka na bado analia. Halafu akajikaza. Kuchekeshwa na mama mkwe kusingefuta kosa la Lameck.

"Mama, wewe umeniheshimu. Lakini aliyenikana si wewe."

"Najua," mama alisema, akamgeukia mwanawe. "Weka chini hicho chombo."

Lameck akaweka. Akachuchumaa mbele ya Loveness, magoti ya suruali yake nzuri kwenye vumbi.

"Loveness, nilimdanganya bibi. Nilisema wewe ni mtoto wa mama yako mkubwa."

"Kwa nini?"

"Niliogopa."

"Ulimwogopa bibi?"

"Ndiyo."

Loveness akamkagua bibi kuanzia bangili mpaka kwenye ile fimbo.

"Hata mimi namwogopa kidogo," alisema. "Lakini mimi sijadanganya."

"Wewe umenishinda," Lameck alisema. "Sitarudia. Mtu yeyote akiniuliza, nitasema wewe ni wa Kissa, na nikikubaliwa, ni wangu. Nitasema kanisani, nitasema mnadani, nitasema kwa wazee wa ukoo, wakasirike wakitaka."

Akainua macho kwa Kissa. Yalikuwa mekundu.

"Mama Love. Nimekuumiza mbele ya watu, na nilikuwa naona ninavyokuumiza. Sina cha kujitetea."

"Huna," Kissa alikubali.

"Unaondoka?"

Kabla Kissa hajajibu, bodaboda ilifika. Joakimu aliizima, akawatazama wote wanne na hotipoti lao, akaona ni mambo ya watu.

"Dada, abiria ni nani?"

Kissa alimwangalia Lameck aliyechuchumaa vumbini. Akamwangalia mama aliyetoka nyumbani asubuhi kuja kuonyeshwa mkwe, na mpaka saa hizi hajatia kitu tumboni.

"Mpakie huyu," alisema, akimwonyesha Lameck kwa kidole. "Mpeleke Katesh akanunue nyama ya kuchoma na maziwa. Mama mkwe wangu ana njaa."

Lameck alisimama, hajui mikono aiweke wapi.

"Umesema nani?"

"Umenisikia. Panda pikipiki."