Siri ya Jeshi

Kila asubuhi kabla ya kengele, Mastura aliwafanyisha wenzake gwaride katika kiwanja cha shule yao, Ngamiani. Walikuwa wakijiandaa kuupokea Mwenge wa Uhuru, naye ndiye aliyekuwa kiongozi wa skauti. Kwa kuwa mama yake, Sajenti Khadija, ni mwanajeshi, Mastura alijiona amezaliwa na cheo. Aliwataka wenzake wamwite afande, na aliyesahau alirukishwa kichurachura.

Jumamosi moja mazoezi yaliendelea hadi jua likawa la utosi. Mwalimu alikuwa ameitwa ofisini. Mastura alisimama kwenye kivuli cha ukuta, chupa ya maji mkononi, akinywa na kutoa amri. Precious, binti mpole wa darasa la sita, aliomba ruhusa akanywe maji.

"Mguu sawa!" Mastura akamjibu. "Askari hanywi maji kwenye gwaride."

Precious aliomba tena, kwa sauti ndogo. Safari hii akaamriwa kukimbia kuzunguka kiwanja, na kwa kuwa ni mtiifu, alikimbia. Aliporudi kwenye mstari aliyumba, akaanguka kifudifudi, mwili ukimtetemeka.

Kabla mwalimu hajafika, Mastura aliwageukia wenzake. Akawaambia hiyo ni siri ya jeshi, na atakayefungua mdomo ni msaliti. Mwalimu alipouliza, wote wakasema Precious ameanguka tu.

Sajenti Khadija alikuwa nyumbani kwa likizo. Aliposikia Precious amekimbizwa hospitali alimchukua Mastura wakaenda kumjulia hali. Walimkuta Precious hajazinduka. Mama yake, Consolata, alikuwa amekaa sakafuni, ameshika kiatu kimoja cha mwanawe. Daktari alimwuliza kama mtoto ana kifafa, kama aliamka na homa. Kila swali mama wa watu alijibu hapana, huku machozi yakimtoka. Kipimo cha malaria hakikuonyesha kitu, na joto la mwili lilizidi kupanda. Daktari akakiri kwamba hajui anapambana na nini.

Mastura aliogopa. Akamvuta mama yake mkono.

"Mama, kuna jambo. Lakini ni siri ya jeshi."

Sajenti Khadija akainama wakatazamana. "Siri ya jeshi anafichwa adui," alisema. "Huyu daktari ni adui wa nani?"

Hapo Mastura akayasema yote: jua, maji, mbio. Daktari hakupoteza muda kumkaripia. Aliwaita wauguzi, wakamvua Precious sare, wakammwagia maji ya baridi na kumpepea. Jioni alifumbua macho, lakini ulimi ulikuwa mzito, na alimtazama Mastura kama mtu asiyemjua. Alipona polepole sana. Mwenge ulikuja ukapita, yeye bado yuko kitandani.

Walipotoka wodini siku ile, Mastura alikuwa akilia. Mama yake hakumbembeleza.

"Kambini maji yakija, mimi hunywa wa mwisho," alisema. "Askari wangu akianguka, wa kwanza kusema ukweli ni mimi. Wewe umekunywa wa kwanza, na ukweli ukausema umechelewa. Huo si uongozi, mwanangu. Jumatatu utawaeleza wenzako hivyo hivyo, na utasimama juani."

Jumatatu Mastura alisimama juani, akaeleza. Tangu siku hiyo hakuna aliyemwita afande, naye hakudai aitwe.