Gunia la Majani ya Kinamasi

Kila asubuhi, kabla ya kwenda kuchuma chai, Chepkemoi humkamua Chelel. Chelel ni ng'ombe mweupe. Nyanya yake ndiye ng'ombe ambaye mama yake Chepkemoi alimpa bintiye alipoolewa. Zamani maziwa yalijaa ndoo, na mengine yakatiwa kwenye kibuyu yagande yawe mursik, maziwa ya mgando. Mwaka jana, kufikia mwezi wa pili, ndoo haikufika hata nusu. Mbavu za Chelel zilihesabika. Chini ya taya alikuwa na uvimbe laini.

Mumewe, Johana, alikata tamaa. Alinunua kamba mpya, akasema Alhamisi atampeleka Chelel sokoni Mulot kabla hajafia zizini.

"Hapana, Baba Janeffer," Chepkemoi alisema. "Daktari aione kwanza. Hiyo kamba ikae."

Hakubishana zaidi. Aliacha chai yake siku hiyo, akaenda Sotik kumtafuta Bonareri, daktari wa mifugo.

Bonareri alifika Jumatano asubuhi. Alifunua kope za Chelel, akaona zimepauka. Alichukua kinyesi akakipime. Mchana alirudi na jibu: Chelel ana minyoo ya maini. Akaeleza kwamba minyoo hiyo hukulia ndani ya konokono wadogo wa kinamasi.

Johana alicheka. Alisema Chelel hajawahi kukanyaga kinamasi, kwa kuwa analishwa bomani maisha yake yote. Labda konokono walipanda mlima wenyewe.

Bonareri alitazama gunia la majani mabichi kando ya zizi. Akauliza yamekatwa wapi. Johana alijibu kwa fahari. Nyasi za nepia walizopanda zimekauka kwa kiangazi, lakini kule bondeni maji yameshuka na kuacha majani mazuri. Yeye hukata gunia zima kila siku.

"Basi ng'ombe haikuenda kwa kinamasi," Bonareri alisema. "Wewe ndio umeiletea kinamasi kwa gunia."

Johana alilisukuma gunia mbali na zizi.

Watatu hao waliteremka bondeni. Katikati, maji yalipita kwa kasi, na hapo hawakuona konokono. Lakini pembeni maji yalikuwa machache, yametulia, yamejaa magugu. Huko konokono walikuwa wengi, wadogo kama punje za mahindi. Bonareri alieleza kwamba ng'ombe mgonjwa akinya karibu na maji, mayai ya minyoo huanguliwa humo. Watoto wa minyoo huingia ndani ya konokono. Wakitoka, hujishikiza kwenye majani.

"Si jua itaua hizo konokono?" Chepkemoi aliuliza.

"Nyingi inajificha kwa matope, inangoja mvua. Na maji ikishuka ndio mnafikia majani yenye ilikuwa majini. Hapo ndio ng'ombe inakula ugonjwa."

Walirudi bomani, na Chelel akapewa dawa. Bonareri aliwaonya wasinywe wala kuuza maziwa hadi siku alizotaja ziishe. Chepkemoi aliyamwaga yote, na roho ilimuuma. Lakini hakuonja hata tone.

Alhamisi ilifika. Kamba ilibaki ukutani. Badala ya kwenda Mulot, Chepkemoi alishika jembe. Alichimba mtaro ili maji ya chemchemi yaliyotuama chini ya zizi yapite, konokono wasipate pa kuzaliana. Johana alimtazama kidogo, kisha naye akachukua jembe. Walizungushia ukingo wa kinamasi ua. Majani yakawa yanakatwa mlimani tu. Mvua iliporudi, walikata mengi, wakayakausha na kuyahifadhi kwa kiangazi.

Chelel alinenepa polepole. Uvimbe ulipotea. Mwezi wa kumi na moja alizaa ndama jike, mweupe kama yeye.

Kiangazi kilipofika tena, jirani alimwona Johana akipanda mlima na mzigo wa majani, jasho likimtoka. Akamuuliza kwa nini anajitesa ilhali bondeni kuna majani tele.

"Ile ni ya konokono," Johana alijibu, akaendelea kupanda.

Kibuyu cha mursik kimejaa tena nyumbani kwa Chepkemoi. Na ile kamba ya kwenda Mulot sasa inamfunga ndama.