Saini ya Hirwa

"Hii saini ni yako au si yako?"

Gahongayire aliinua karatasi kwa mkono wa kulia. Wa kushoto ulikuwa umefungwa bandeji. Siku nne zilikuwa zimepita tangu rola za mashine ya kukanda unga zimsage vidole viwili, kwenye kiwanda cha mikate huko Kicukiro.

Hirwa, mchumba wake na fundi wa mashine wa kiwanda hicho hicho, alikuwa amesimama kando ya kitanda cha hospitali.

"Ni yangu."

"Ulisoma kabla ya kusaini?"

"Nilisoma."

"Nisomee na mimi nisikie."

"Gaho, tafadhali..."

"Soma!"

Akasoma kwa sauti ya chini: "'Mfanyakazi alitoa kinga ya rola mwenyewe. Ajali ni uzembe wake.'"

"Mimi nilitoa kinga?"

"Hapana. Ilikuwa imevunjika wiki tatu kabla."

"Sasa kwa nini, Hirwa?"

"Niliogopa. Ulikuwa bado chumba cha upasuaji, bosi Conrad akaniita ofisini. Akasema nisiposaini, lawama yote itakuwa yangu mimi fundi."

"Ukaona bora iwe yangu."

Gahongayire akageukia ukutani.

"Toka. Na usinipigie simu tena."

Hakupiga. Aliandika ujumbe, mmoja kila asubuhi: "Nimekosa." Gahongayire alisoma wote, hakujibu hata mmoja. Alipotoka hospitali ukaja mwingine: "Kesho saa tatu mkaguzi wa kazi wa wilaya atatusikiliza. Nilimpelekea habari mwenyewe. Njoo na mama."

Alienda na mama yake, Mukarugwiza, bila kujua Hirwa atasimama upande gani.

Mkaguzi, mwanamke wa makamo aliyeitwa Illuminée, alianza na Conrad.

"Kinga ilitolewa na nani?"

"Na huyu binti. Shahidi wangu yuko hapa, karatasi iko hapo."

"Hirwa, ndivyo?"

"Madamu, karatasi hiyo ni uongo. Niliusaini mimi, na nimekuja kuufuta."

"Unajua na wewe unaweza kuwajibishwa?"

"Kama nina kosa nitalibeba. Yeye hana."

Akaweka simu mezani. Illuminée akasoma kwa sauti:

"'Bosi, kinga ya rola imevunjika. Tusimamishe mashine.' Jibu: 'Acha iendelee, oda ni nyingi. Tutaona mwezi ujao.' Conrad, namba hii si yako?"

Conrad alijipangusa jasho shingoni.

"Ni yangu."

"Basi sikiliza. Mashine inafungwa leo mpaka ipate kinga. Hii inaandikwa ajali ya kazini; matibabu na fidia ni haki yake, na nafasi yake ya kazi inabaki. Ukimfukuza mmoja wa hawa kwa sababu ya leo, tutaonana tena."

"Imana ishimwe! Mungu asifiwe!" Mukarugwiza alilia, akimkumbatia binti yake. Gahongayire alivuta pumzi ndefu, kama mtu aliyetua gunia.

Nje, kwenye ngazi, alimsubiri Hirwa.

"Conrad angeweza kukufukuza."

"Ningetafuta kazi nyingine."

"Nilikuchukia, Hirwa. Kila siku."

"Najua."

"Leo nimechoka kukuchukia."

Hirwa akafunika uso kwa mikono, akalia bila aibu. Gahongayire akamwacha alie, kisha akamgusa bega.

"Kesho nabadilishwa bandeji. Hujauona mkono wangu bado. Twende wote."

Miezi mitano baadaye walisimama kufunga ndoa kwenye ofisi ya serikali ya sekta ya Gahanga, mbele ya ndugu na nusu ya kiwanda. Shangazi alikuwa amemnunulia bibi harusi glavu nyeupe za kuficha mkono. Alizikataa kwa adabu.

"Mkono wa kushoto kwenye bendera, wa kulia juu," afisa alielekeza.

Gahongayire aliweka vidole vyake vitatu juu ya bendera, wazi, akala kiapo bila kutetemeka. Ilipofika zamu ya Hirwa, sauti ilimkatika katikati ya jina la mkewe.

"Rudia, bwana harusi," afisa alisema. "Hatuna haraka."

Ukumbi ukacheka, na Hirwa akaanza upya.